Mtoto wa plastiki abaki Karuba, asirudi Goma na gari

KARUBA, Masisi – Mtoto akizaliwa bila kulia, mkunga ana dakika moja tu. Si dakika ya kutafuta mtandao wa simu, wala ya kutuma mtu kumwita muganga anayelala upande wa pili wa kilima. Ni dakika ya kumkausha mtoto kwa kitambaa, kumsugua mgongo, kuangalia kama ute umemziba mdomo na pua, na kama bado hapumui, kumwekea ule mfuko wa kusukuma hewa ambao wauguzi wanauita ambu. Kwenye mafunzo inaitwa dakika ya dhahabu. Kati ya watoto kumi wanaozaliwa, karibu mmoja anahitaji msaada wa namna fulani ili aanze kupumua, na mara nyingi kukaushwa na kusuguliwa kunatosha. Wanaohitaji dawa na mashine kubwa hawafiki mmoja kwa mia.

Wafugaji wa milima ya Masisi hawashangai kusikia hayo. Ndama akitoka kimya, mchungaji hamwachi alale hapo. Anamsafisha pua, anamsugua kwa majani makavu, anamchokoza mpaka apige chafya. Kijana wa miaka kumi na minne anaiweza kazi hiyo kwa sababu mikono yake imeifanya mara nyingi. Lakini mkunga wa kituo kidogo cha afya anaweza kukaa wiki nyingi bila kukutana na mtoto asiyepumua, halafu akutane naye saa nane za usiku, taa ya simu ikiwa mdomoni. Mikono yake imezoea wapi?

Hapo ndipo anapoingia mtoto wa plastiki. Wengine wanacheka wakisikia wauguzi wazima wanafundishwa kwa pupe. Lakini hii si pupe ya kuchezea. Inaitwa NeoNatalie, na inatengenezwa na Laerdal, kampuni ya Norway ambayo zamani ilikuwa ya michezo ya watoto. Mwaka 1960 kampuni hiyo ilitoa Resusci Anne, mwanasesere mkubwa wa kufundishia namna ya kumpulizia hewa mtu aliyeacha kupumua. NeoNatalie anajazwa lita mbili za maji ya uvuguvugu, naye anakuwa mzito na kulegea mikononi kama mtoto mchanga wa kweli. Mwalimu anabana vipira vidogo vilivyofichwa: kimoja kinamfanya alie, kingine kinapandisha kifua, kingine kinapiga mapigo kwenye kitovu. Muuguzi akiweka ambu vibaya usoni, kifua hakipandi, na hapo hakuna wa kumdanganya. Kuna pia MamaNatalie, vazi ambalo mwalimu anajifunga tumboni. Mtoto anatokea humo, kondo la nyuma linafuata, kisha maji mekundu yanamwagika kama damu ya mama anayevuja. Vyote hivyo havihitaji umeme.

Wala si jambo la jana. Katika karne ya 18, mkunga mmoja wa Ufaransa, Angélique du Coudray, alitengeneza kiuno cha mama na mtoto wake kwa kitambaa na ngozi. Mwaka 1759 mfalme Louis XV akampa ruhusa ya kuzunguka nchi akiwafundisha wanawake wa vijijini. Alifundisha maelfu, wengi wao wasiojua kusoma. Ufaransa ya siku zile haikuwa na barabara nzuri kuliko hii ya Mushaki.

Basi mwanasesere anafaa. Lakini tatizo la Masisi haliishii kwenye kukosa mwanasesere. Liko pia katika namna anavyokuja na namna anavyoondoka. Wakaaji wa hapa wanaijua hiyo safari. Barua inafika, muuguzi mkuu na mkunga mmoja wanaitwa Goma kwa semineri. Wanakaa hotelini, wanafundishwa siku moja au mbili, wanapigwa picha mbele ya bango, wanapewa perdiemu na cheti, wanarudi. Mwanasesere anabaki Goma, kwenye gari la waliomleta. Au akifika kwenye kituo, anafungiwa kabatini pamoja na karatasi za ripoti, na ufunguo anao mtu aliyesafiri. Mwaka unaofuata barua nyingine inafika, na mara nyingi anayeitwa ni yule yule.

Je, mafunzo ya siku moja yanaokoa mtoto? Swali hilo limejibiwa, na si na watu wa Ulaya waliokaa ofisini. Limejibiwa Haydom, hospitali ya Kilutheri iliyo kijijini katika mkoa wa Manyara, Tanzania, mbali na miji mikubwa. Mwaka 2010 wauguzi na wakunga wa pale walipewa mafunzo ya siku moja kwa kutumia NeoNatalie. Kabla ya mafunzo walijaribiwa kwa mwanasesere, na waliofaulu kumrudishia pumzi walikuwa 18 tu kwa mia. Miezi saba baada ya mafunzo walijaribiwa tena, na waliofaulu walifika 74 kwa mia. Watu wengine wangefunga kitabu hapo, wakaandika ripoti kwa wafadhili na kupiga makofi.

Wa Haydom hawakufunga kitabu. Walikuwa na watu ndani ya chumba cha kuzalia, usiku na mchana, wakiandika kila mtoto anayezaliwa na kila anachofanyiwa. Na hesabu hiyo ikasema jambo chungu: kwa watoto wa kweli, hakuna kilichobadilika. Wauguzi waliojua vizuri mbele ya mwanasesere walikuwa wanafanya kitandani vile vile walivyofanya zamani. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013, nao hawakuyaficha. Hospitali ngapi zingekubali kuandika hivyo juu ya kazi yao wenyewe?

Kisha walibadilisha mpango. Kuanzia mwaka 2011 mwanasesere aliletwa kukaa palepale kwenye chumba cha kuzalia, na kila wiki wahudumu wakafanya zoezi la dakika tatu hadi tano, wakiwa kazini, bila perdiemu na bila bango. Baada ya mwaka mmoja, watoto waliokaushwa, kusuguliwa na kusafishwa ute mapema waliongezeka. Waliohitaji ambu walipungua, maana wengi walishaanza kupumua kabla ya kufika huko. Na watoto waliokufa katika saa 24 za kwanza walishuka kutoka 11 hadi 7 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Mwanasesere ni yule yule, na wauguzi ni wale wale wa hospitali ile ile.

Haki isemwe: mafunzo yenyewe si bure. Katika hospitali nane za Tanzania, kati ya mwaka 2009 na 2012, mpango huo huo ulifuatiwa na kupungua kwa vifo vya watoto wa siku ya kwanza kwa karibu nusu. Na watoto walioandikwa kuwa wamezaliwa wafu nao walipungua kwa karibu robo. Hilo la pili linapaswa kumfanya kila mzazi anyamaze kidogo. Wako watoto wanaotoka bila pumzi lakini moyo unapiga bado. Kama hakuna anayejua kuwasaidia, wanafungwa kwenye kitenge na kuwekwa kando, na familia inaambiwa mtoto alikufa tumboni.

Kutoka Haydom kazi ikaenea. Kati ya mwaka 2021 na 2023 mpango wa mazoezi ya kila wiki, pamoja na vifaa vya kusikiliza moyo wa mtoto, ulipelekwa katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Akina mama zaidi ya 280,000 walihesabiwa. Vifo vya watoto, kuanzia wanaofia tumboni wakati wa uchungu hadi wiki ya kwanza ya maisha, vilishuka kutoka 15 hadi 12 na nusu hivi kwa kila 1,000. Haikuwa sawa katika kila mkoa, na wenyewe waliandika hivyo mwaka 2025 katika jarida kubwa la waganga la Marekani, New England Journal of Medicine.

Atakayesema Tanzania ni Tanzania na Masisi ni Masisi, ana sehemu ya ukweli. Haydom haikulipuliwa mabomu. Huku, mwaka 2023, vita vilifika Mushaki na Karuba, familia zikashuka Sake na kwenye kambi za kando ya Goma. Mwanzoni mwa 2025 kambi nyingi zikavunjwa, na watu wakapanda tena milima, wengine kukuta nyumba haina bati. Wauguzi nao walikimbia kama wengine. Wengi wanafanya kazi bila mshahara wa serikali, wakitegemea franka chache anazolipa mgonjwa. Mama mwenye uchungu mgumu bado anabebwa kwa tipoyi, wanaume wakipokezana mabega, na mwanasesere hamfanyii upasuaji mama ambaye mtoto amelala vibaya. Yeyote anayeuza mwanasesere kama dawa ya yote hayo anadanganya watu.

Lakini vita hivyo hivyo ndivyo vinavyotoa sababu ya kumtaka. Kitanda kinaibiwa, friji ya chanjo inaibiwa, sola inang'olewa. Alichojifunza mkunga kwa mikono hakuna wa kukinyang'anya. Akikimbilia Sake, anakimbia nacho. Akizalisha chini ya shiti la plastiki, anacho. Na mwanasesere mwenyewe, maji yakimwagwa, anaingia kwenye mfuko wa kubeba mgongoni. Katika kambi, ambako mama wa Karuba anajifungua kando ya mama wa Kitshanga na hakuna anayejua mkunga wa zamu ni nani, zoezi la dakika tano asubuhi lingekuwa na faida kuliko mabango mengi yaliyosimikwa huko.

Kuna neno moja linalohitaji kusemwa wazi, kwa sababu linazungumzwa sokoni: majaribio. Watu wakisikia utafiti wa waganga wanaogopa kufanywa panya. Hofu hiyo haikutoka hewani. Wakati wa Ebola, kuanzia Novemba 2018, wagonjwa 681 huko Beni, Butembo, Katwa na Mangina waliingia katika utafiti wa kulinganisha dawa nne, ulioongozwa na INRB ya profesa Jean-Jacques Muyembe pamoja na washirika wa nje. Uvumi ulikuwa mwingi. Hata hivyo, Agosti 2019 ilionekana wazi kwamba dawa mbili zinaokoa zaidi kuliko zile nyingine mbili, na moja ya hizo ilianzia kwenye damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995. Kivu Kaskazini, katikati ya bunduki, ilitoa jibu ambalo dunia nzima ilikuwa inalingoja. Kwa hiyo asije mtu akasema huku utafiti hauwezekani. Unawezekana fedha zikiwepo na dunia ikiwa na hofu. Mtoto anayekufa dakika ya kumi ya maisha yake kijijini haitishi dunia, ndiyo maana hahesabiwi vizuri.

Na majaribio ya kweli yanafanyika tayari, bila karatasi ya kutia sahihi. Mkunga anaposhika ambu kwa mara ya kwanza akiwa na mtoto wa mtu aliyegeuka bluu, hilo ni jaribio, na mama huyo hakuulizwa. Ni afadhali mkono ukosee mara mia kwenye plastiki. Utafiti ukija, mama aulizwe kwa lugha anayoisikia, aruhusiwe kukataa bila kunyimwa huduma, na matokeo yarudishwe na kusomwa hapa, kwenye redio na katika mkutano wa kijiji. Yasiishie kwenye kompyuta za watu wa mbali.

Linalodaiwa kwa wakubwa wa afya na kwa mashirika yanayowasaidia si kubwa. Semineri ijayo ifanyikie kwenye chumba cha kuzalia, ambapo mkunga wa usiku na msaidizi wake nao watafundishwa, maana wao ndio wanaokuwepo. Mwanasesere aandikwe kwenye orodha ya vifaa vya kituo kama mizani inavyoandikwa, akae juu ya meza na siyo kabatini. Achaguliwe mhudumu mmoja wa kuwakumbusha wenzake zoezi kila Jumatatu, na kazi hiyo ilipwe kidogo, hata kwa sehemu ya fedha za hoteli. Na kwenye daftari la uzazi iongezwe mistari miwili: mtoto alilia au hakulia, na alifanyiwa nini ndani ya dakika ya kwanza. Kalamu ipo.

Kamati za afya za vijiji nazo zina la kufanya. Gari la shirika likiegeshwa mbele ya kituo na masanduku yakishushwa, waulize mapema, kwa heshima, ni lipi linabaki. Na kama jibu ni kwamba lote linarudi, kuna mafundi cherehani soko la Karuba. Mtoto wa kitambaa, aliyejazwa mchanga na mabaki ya nguo mpaka afike kilo tatu, hawezi kuonyesha kifua kinachopanda, lakini anatosha kufundishia kukausha, kusugua, kugeuza kichwa na kuhesabu hadi sitini.