Mwenye Parkinson asifungiwe kitini

Wasomaji wa Goma, mmekwisha kuwasikia wanaosema kwamba mzee mwenye Parkinson atulie kitini, na kwamba kumzoeza kutembea kwa mdundo ni kupoteza muda. Nimezisikiliza hoja zao zote. Nawaomba mzipime pamoja nami.

Wanaanza hivi: ugonjwa uko kichwani, miguu haina kosa, basi kuizoeza ni kazi bure. Mwanzo wa hoja ni kweli. Chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini hufa, na mwili hupoteza uwezo wa kupanga hatua zifuatane zenyewe. Lakini sikio bado linasikia, na mdundo wa nje hupitia njia nyingine ya ubongo kuifikia miguu. Mtazame mgonjwa anapofika mlangoni: nyayo zinang'ang'ania sakafu, kifua kinatangulia, miguu haifuati. Mkewe anapiga makofi kwa mpangilio, anahesabu "moja, mbili", na mara nyingi mguu unanyanyuka. Nguvu ilikuwepo. Kilichokosekana ni ishara ya kuanza.

Hoja inayorudiwa zaidi ni kwamba mazoezi haya ni ya Ulaya, kwa wenye vidonge na mashine, na bila levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huu, hayafai. Ni kweli dawa hukosekana, na tangu waasi wa M23 wauteke mji wetu Januari 2025 na uwanja wa ndege kufungwa, hali imekuwa ngumu zaidi. Lakini jibu liko kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 2010 mtafiti Lynn Rochester na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa wa huko ambao hawakuwa wakitumia dawa yoyote ya Parkinson. Walizoezwa kutembea kwa kufuata ishara za nje, vipindi 9 vya nusu saa ndani ya wiki 3. Mwendo wao ukawa bora, hata walipotembea huku wakifanya jambo jingine. Kundi lilikuwa dogo, nami sidai zaidi ya hapo. Ila linatosha kuivunja kauli kwamba bila dawa hakuna kitu. Mashine nayo si lazima: telefone inatosha, ngoma inatosha, viganja vya mikono vinatosha.

Kisha wanasema muziki hauna nguvu yoyote juu ya ugonjwa huu. Baada ya dakika chache, watu wale wale wanaonya kwamba muziki utamfanya mzee akimbie na kuanguka kwenye mawe. Wachague moja, kwa sababu kisicho na nguvu hakimkimbizi mtu. Hatari yenyewe ninaikubali. Mawe ya lava ya Nyiragongo yangali kwenye njia zetu nyingi, na wimbo wa kasi mno hufupisha hatua. Lakini hilo linatufundisha namna ya kufanya, halitukatazi kufanya. Pafaa uwanja sawa au sakafu ya kanisa, mtu akiwa ubavuni. Zihesabiwe hatua zake za kawaida kwa dakika, uchaguliwe mdundo unaolingana nazo, kasi ipandishwe kidogo kidogo. Kukaa tu hakumwokoi: mapaja hulegea, na usiku bado ataamka kwenda chooni.

Wanadai pia kwamba faida haidumu. Hapa wana ushahidi. Utafiti wa RESCUE wa mwaka 2007, uliofanyiwa wagonjwa 153 majumbani mwao huko Ulaya, uliona hatua zikirefuka kwa sentimita 4 hivi, na faida ikapungua sana wiki 6 baada ya mazoezi kusimama. Lakini levodopa nayo hufanya kazi kwa saa chache, na hakuna anayemshauri mgonjwa aiache kwa sababu hiyo. Kinachofifia kikikatizwa hakipaswi kukatizwa.

Wako na wa upande wangu wanaotangaza kwamba nyimbo zinaponya, mgonjwa atupe vidonge. Hao wanamdhuru. Mdundo haufufui chembe zilizokufa, na aliyeandikiwa levodopa na daktari aendelee nayo.

Kwaya za Goma zina ngoma, sauti na sakafu. Ninawaomba viongozi wake watenge saa moja kila juma kwa wagonjwa hawa, kine, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi, akiwepo kuwasimamia, na ninaziomba familia ziwalete.