Mmishonari Kutazama Majani Si Dhambi

Wacha nianze na ujumbe mmoja ulioninyima usingizi.

Ilikuwa mwezi wa kumi, nikiwa na miezi mitatu tu kwenye misheni huko New Hampshire, Marekani. Nilikuwa nimemtumia mama picha moja. Mimi na mwenzangu tumesimama chini ya mti mwekundu kama makaa, makoti yametumeza, tunacheka. Mama kwa furaha yake akaipeleka kwenye kundi la WhatsApp la kanisa letu huku Kitui. Haikupita saa moja, mzee mmoja anayeheshimika sana akaandika: "Tulichanga tukijua mtoto anaenda kuhubiri. Kumbe ameenda kutalii."

Hakuna aliyejibu. Mama naye alinyamaza. Mimi niliipata habari hiyo siku ya kupiga simu nyumbani, na niliumia kwa sababu ninajua ile harambee ilivyokuwa. Kuna mama aliyeleta shilingi mia mbili za kuuza sukuma wiki. Kuna kijana wa boda aliyetoa mapato ya siku nzima. Kuna nyanya aliyeleta kuku. Kwa hivyo neno "kutalii" lilinichoma. Nilianza kutembea nikiangalia chini, ati nisije nikaonekana ninafurahia.

Sasa nimerudi nyumbani, vuli imefika tena, na nimeamua kujibu. Msimamo wangu ni huu: mmishonari anayefumba macho asione uzuri wa mahali alipotumwa, na anayekataa mila za msimu za watu wa hapo, hajawa mtakatifu kuliko wengine. Mwili wake umefika, yeye bado yuko njiani.

Kwanza tuelewane kuhusu hilo neno vuli. Sisi tukisema vuli tunamaanisha mvua, zile fupi za kuanzia mwezi wa kumi hadi wa kumi na mbili. Huku Ukambani ndizo tunazozitegemea hasa. Lakini ukifungua kitabu, neno hilo hilo ndilo linalotumika kwa yale majira ya kule kaskazini ambapo majani hupukutika. Miezi ni ile ile, kazi ni kinyume. Vuli yetu inaotesha, yao inaangusha. Mimi nilitua kule na vuli ya Kitui kichwani, kwa hivyo nilipoona milima mizima inabadilika rangi, nilidhani kuna ugonjwa wa miti. Si utani.

Baadaye nilielezwa. Jani ni kijani kwa sababu ya klorofili. Siku zikianza kufupika na usiku ukawa wa baridi, mti unaacha kuitengeneza. Hapo ndipo manjano na rangi ya chungwa zinapojitokeza, na kumbe zilikuwemo ndani ya jani muda wote, zimefunikwa tu. Ule wekundu ndio hutengenezwa wakati huo, kutokana na sukari iliyobaki kwenye jani, hasa kwenye miti ya mepo, ile ambayo jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Halafu mti unajiziba pale kwenye kikonyo, na jani linaanguka. Rangi huanza kaskazini mlimani mwishoni mwa Septemba, zinashuka kusini hadi katikati ya Oktoba. Ni wiki chache tu. Ikija mvua moja yenye upepo, imekwisha. Kuna barabara inaitwa Kancamagus, kama kilomita 55 kutoka Lincoln hadi Conway, inapita katikati ya msitu wa White Mountain. Msimu huo magari hujipanga pale kama matatu za Thika Road jioni, na hakuna anayepiga honi. Watu wametoka mbali kuja kuangalia majani tu.

Mtu atauliza, hayo yanahusiana vipi na Injili? Tulia, ninakuja.

Miezi yangu mitatu ya kwanza ilikuwa ya kugonga milango. Huku kwetu ukibisha hodi, hata mtu asiyetaka kukusikiliza atakupa kiti kwanza. Kule mlango unafunguka upana wa kiganja, unaambiwa asante, unafungwa. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa ndani, nasi tulikuwa nje, basi. Vuli ndiyo iliyowatoa nje. Kila mtu yuko uani na reki, anakusanya majani, anayashindilia kwenye mifuko. Na mtu mwenye reki mkononi na uwanja mzima mbele yake hawezi kukufungia mlango.

Ndivyo tulivyokutana na mzee mmoja mjane. Tulisimama kando ya uwanja wake na kwa mara ya kwanza sikuanza na ujumbe wangu. Nilimwambia tu ukweli, kwamba tangu nizaliwe sijaona mti kama huo wake. Aliniangalia kama mtu aliyesahau kwamba ana mti. Akasema mkewe ndiye aliyeupanda. Tukaomba reki. Tulifanya kazi saa mbili, na hatukuzungumza dini hata kidogo.

Akatusimulia kwamba enzi za mkewe, kibaraza kilijaa malenge kila Oktoba. Tangu afariki, hakuna. Kule kwao wakulima huweka malenge kando ya barabara, hakuna muuzaji, kuna kisanduku tu cha kutia pesa. Jaribu hiyo Wakulima Market uone! Siku yetu ya mapumziko tulinunua malenge mawili, tukampelekea, akatufundisha kuyachonga.

Hapo nikakwama kidogo, na nitasema wazi. Mimi nimekulia mahali ambapo Halloween ni neno la kukemewa. Nilimpigia mama kumuuliza. Nikasoma pia. Ni mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote, ambayo ni Novemba 1. Watu wa Ireland walikuwa wakichonga mboga za mizizi na kutia mwanga ndani, wakaenda Marekani, wakakuta malenge ni rahisi zaidi kuchonga. Sikuvaa kinyago na sikutaka kuvaa. Kila mtu ana dhamiri yake. Lakini kuna desturi moja niliyoipenda: taa ya kibarazani ikiwaka jioni hiyo, watoto wanajua nyumba hii inawakaribisha. Ikizimwa, wanapita. Mzee alikuwa ameizima ya kwake miaka minne mfululizo.

Mwaka huo aliiwasha. Sisi tulikuwa tumeshaondoka kabla ya giza, kwa hivyo sikuona. Alitusimulia kesho yake, tena kwa madaha, kwamba walikuja watoto kumi na saba na peremende zikaisha, ikabidi agawe matofaa. Mimi huwa ninajiuliza, tungemkemea kuhusu malenge, hiyo taa ingewaka?

Mwezi uliofuata alitualika Siku ya Shukrani. Hii nayo ina hadithi ya huko huko. Mwanamke aliyeipigania kwa miaka mingi, Sarah Josepha Hale, alizaliwa Newport, New Hampshire, mwaka wa 1788. Ndiye aliyeandika shairi la Mary na mwanakondoo, ambalo wewe na mimi tuliimbishwa chekechea bila kuambiwa limetoka wapi. Aliwaandikia marais barua mmoja baada ya mwingine, hadi mwaka wa 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Abraham Lincoln akatangaza siku ya kitaifa ya kushukuru. Leo huwa ni Alhamisi ya nne ya Novemba. Na kwa haki niseme pia, si wote wanaosherehekea. Tangu mwaka wa 1970 kuna wenyeji asilia wanaokutana Plymouth, Massachusetts, siku hiyo hiyo, kuomboleza yaliyowapata mababu zao baada ya wageni kuja. Mzee mwenyewe ndiye aliyenieleza. Ukishiriki mila ya watu, sikiliza na kilio chake.

Mezani kulikuwa na bata mzinga mkubwa kupita kiasi kwa watu watatu, na viazi vitamu alivyonunua kwa sababu nilikuwa nimetaja kwamba nyumbani tunavila na chai. Kabla ya kula akatuangalia, akasema, "Nyinyi ndio watu wa maombi. Ombeni." Ndiye aliyeomba tuombe. Tangu nifike nchi ile nilikuwa nikitafuta mtu wa kuniambia neno hilo.

Hakubatizwa. Sitawadanganya. Hata ibada moja hakuja. Kwenye ripoti ya wiki ile, mbele ya jina lake hapakuwa na kitu cha kujaza. Lakini ninajua kilichotokea kwenye ile nyumba, naye anajua.

Sasa nimtendee haki yule mzee wa kanisa, kwa sababu hoja yake ina ukweli ndani. Kuna Jumatano moja tulikuwa tunaenda kumwona mama mgonjwa. Njiani tukapita daraja la mbao lenye paa, yale ya zamani, mto chini yake umejaa majani mekundu yanaelea. Tukasimama. Picha moja, picha mbili, hebu nishikie koti. Tulifika tumechelewa dakika arobaini. Chai aliyotuandalia ilikuwa imepoa mezani na mwenyewe amerudi kulala. Jirani yake akatuambia alikuwa amejikongoja kuamka kwa ajili yetu. Siku hiyo nilikuwa mtalii, wala sina utetezi. Mpaka niliojiwekea tangu hapo ni rahisi: uzuri ukikupeleka kwa mtu, ufuate. Ukikuchelewesha kwa mtu anayekungoja, weka simu mfukoni utembee.

Lakini kusema kwamba mmishonari hana ruhusa ya kutazama, hapo ninakataa, na ninakataa nikiwa na ushahidi wa hapa hapa nyumbani. Johannes Rebmann alikuwa mmishonari kule Rabai. Mei 11, 1848 aliuona Kilimanjaro, akaandika kwamba juu kuna theluji. Wasomi wa London walimbishia, eti theluji karibu na ikweta haiwezekani. Mwaka uliofuata, Desemba 3, mwenzake Ludwig Krapf akiwa hapa Kitui kwetu, mgeni wa Kivoi, aliuona Mlima Kenya. Wazee wetu waliijua milima hiyo tangu jadi, hakuna aliyeigundua. Ninachosema ni kwamba hawa watu walitumwa kuhubiri, na bado waliinua macho. Krapf aliandika jina la mlima jinsi alivyolisikia kwa Wakamba, na leo nchi nzima inaitwa kwa jina la mlima huo. Hapo hatusemi walitalii. Tunawafundisha watoto wetu shuleni.

Na kama hiyo haitoshi, nina ushahidi mwingine wa wiki mbili zilizopita.

Kanisani kwetu sasa hivi kuna kijana mmishonari kutoka nje, mzungu, mrefu kama mlingoti. Mvua ya kwanza iliponyesha alitoka nje akasimama katikati ya uwanja ananyeshewa, ananusa udongo, anapiga picha amtumie mamake. Kesho yake alikuja shambani na gambuti za kuazima, akapanda pojo na kunde na kina mama mpaka saa sita. Akala muthokoi, akaongeza. Matope hadi kwenye nyusi. Yule mzee wetu alikuwa amekaa chini ya mwembe anamtazama. Akacheka, akasema kwa sauti, kila mtu akasikia: "Huyu sasa ni mtu wetu."

Mama aliniangalia. Nami nikamwangalia mama. Hatukusema kitu, heshima ni heshima.

Lakini mzee wangu, ukipata mtu wa kukusomea hii, ninakuuliza kwa upole. Huyu kijana akifurahia vuli yetu amekuwa mtu wetu. Mimi nilipofurahia vuli yao, nilikuwa nani?

Ninaamini wale waliochanga walinituma kwa watu. Na watu wana miti, wana malenge, wana mvua wanayoingojea, wana siku moja kwa mwaka wanayowasha taa. Siwezi kuwapenda nikiwa nimeziruka hizo zote nikimbilie kujaza ripoti. Kwa hivyo kama una mtoto, dada au rafiki anayeenda misheni mwaka huu, mchangie, muombee, na umwambie aangalie. Akikutumia picha ya mti, usimuulize ameacha kazi. Muulize ni mti wa nani.