Daftari la Wiki: Barua kutoka Cork

Wiki hii nimeshinda na barua za George Boole, yule mwanahisabati ambaye mantiki yake ndiyo inayoendesha kompyuta zetu. Hisabati yake naiacha kwa wenyewe. Mimi nilitaka kujua watu waliishije katika chuo kichanga cha mkoani, mbali na London. Boole alifika Cork, kusini mwa Ireland, mwaka 1849, kuwa profesa wa kwanza wa hisabati wa Queen's College. Alikuwa mtoto wa fundi viatu wa Lincoln, hana digrii hata moja, na nchi aliyoingia ilikuwa bado inazika watu wa njaa kuu.

Vitabu vya historia ya chuo hutupa tarehe ya ufunguzi na majina ya wakuu. Barua hutuambia nani hasemezani na nani.

* * *

Oktoba 1850 Boole anamwandikia rafiki yake Augustus De Morgan, profesa wa London. Barua zao nyingi ni za hisabati, lakini katika hii anaomba kitu kingine: De Morgan akisikia nafasi ya kazi Uingereza, amjulishe. Kazi haijamchosha, anasema. Anaelewana na wanafunzi na wenzake, na kelele za kidini hazimtishi. Linalomsumbua ni kwamba mambo yaliyotokea chuoni yamewafanya watu waanze kutoaminiana.

Kelele zenyewe zilikuwa kubwa. Vyuo vitatu vya Malkia, vya Belfast, Cork na Galway, havikufungamana na dhehebu lolote, na wapinzani wakaviita vyuo visivyo na Mungu. Wiki chache kabla ya barua ile, maaskofu Wakatoliki walikutana Thurles wakavishutumu. Ndani ya chuo, Raymond de Véricour, profesa wa lugha za kisasa, alikuwa matatani kwa kitabu alichoandika kuhusu historia ya Ukristo. Hapo naelewa kwa nini mtu mwenye kazi nzuri anaulizia nyingine kimyakimya.

Hata hivyo hakuondoka. Kitabu chake kikubwa kuhusu sheria za fikra kilitoka mwaka 1854 akiwa huko huko, na huko alifia mwaka 1864.

* * *

Mkuu wa chuo, Sir Robert Kane, alikuwa mkemia hodari. Lakini alikuwa pia na makumbusho ya viwanda ya kuongoza Dublin, na familia yake ilikaa huko. Malalamiko kwamba haonekani Cork yalitoka vikaoni yakaingia magazetini, na Boole alikuwa miongoni mwa walioandika. Nasimama upande wa Boole. Chuo cha mkoani hakiendeshwi kutoka mji mkuu; mwalimu yeyote wa huku kwetu aliyewahi kungoja sahihi ya mkubwa aliye safarini analijua hilo.

* * *

Haya yote tunayajua kwa sababu kuna waliozitunza barua hizo. Huku kwetu nako, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilipokuwa bado kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kabla ya 1984, walimu wa Morogoro nao waliandikiana, wakawaandikia ndugu zao pia. Kama mzee wako alifundisha huko, au Njoro, au Makerere, na sanduku la barua zake liko uvunguni, tafadhali usilichome. Lipeleke maktaba ya chuo chake, hata kama unadhani ni malalamiko ya mishahara na nyumba tu.