Methadoni si "unga wa serikali"

Ijumaa iliyopita khatibu wetu alisimama mimbarini akatangaza kwamba serikali inawanywesha mateja unga kwa kikombe. Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, alisema ni "unga wa serikali", na kijana mwenye imani ya kweli hujifungia chumbani, akamwomba Mola wake, akatoka mzima. Huyu ni sheikh ninayemheshimu. Kwenye mirathi hana mpinzani mtaani kwetu. Lakini safu ya nyuma walikuwamo vijana ambao asubuhi ile ile walikuwa wametoka kunywa dawa yao kliniki, na mmoja wao aliinuka akaondoka kabla ya swala. Tangu siku hiyo sijatulia.

Hicho chumba nakijua. Mtoto wa jirani yangu aliwahi kufungiwa na wajomba zake, kitasa kwa nje, ndani godoro, ndoo na madumu mawili ya maji. Asiyewahi kuona arosto, mateso ya mwili ulionyimwa unga, asiisimulie kama mafua. Huanza na miayo isiyoisha, machozi na kamasi, kisha vinyweleo husimama na mtu hutetemeka kwa baridi katikati ya joto la Dar es Salaam. Tumbo linakatika, anaharisha na kutapika, mifupa inauma kana kwamba inasagwa, miguu inarusha mateke yenyewe, usingizi hauji. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kuliko zote. Yule kijana alikuwa akigonga ukuta kwa kichwa na kumwita mama yake, na mama alikaa mlangoni na tasbihi mkononi, amekatazwa kufungua. Baada ya siku kumi akatolewa, akaogeshwa, akapikiwa pilau. Wajomba walipongezwa mtaa mzima. Haukupita mwezi akaokotwa kwenye pagale, bomba la sindano likiwa bado mkononi.

Watu walisema amerudia ujinga wake. Hawakujiuliza kwa nini kipimo alichokuwa akijidunga kila siku kwa miaka, bila kufa, kilimuua siku hiyo.

Jibu linajulikana kwa kila daktari wa uraibu. Mwili wa mtumiaji wa heroini huzoea, na kadiri unavyozoea ndivyo unavyohitaji zaidi. Akikatishwa ghafla, mazoea hayo hupotea ndani ya muda mfupi, lakini hamu haipotei. Inabaki kichwani miezi na miezi, ikimngoja siku ya ugomvi nyumbani au siku atakayopita karibu na maskani. Akirudi na kupiga kipimo chake cha zamani, mwili uliosahau hauwezi kukibeba, na pumzi inakatika. Ndiyo maana wanaotoka jela, na wanaotoka kwenye vyumba kama kile, hufa kwa wingi katika wiki za mwanzo. Kumaliza arosto si kupona. Nitalirudia jambo hili mbele ya kila mimbari na kila madhabahu: kumaliza arosto si kupona, na anayemtoa kijana kwenye arosto kisha akamwachia mlango wazi bila dawa amemweka karibu zaidi na kaburi kuliko alivyokuwa siku alipomfungia.

Methadoni inafanya kazi palepale chumba kinaposhindwa. Heroini humshika mtu saa chache tu, kisha arosto inabisha hodi. Kwa hiyo teja huishi akikimbizana na saa, asubuhi, mchana na usiku, na kila mara fedha lazima ipatikane kwa njia yoyote, hata simu ya dada yake au sufuria ya mama. Dozi moja ya methadoni hudumu zaidi ya saa 24. Huanza kwa kiwango kidogo kisha hupandishwa taratibu. Ikifikia kiwango chake, mnywaji halewi na hapati arosto, na hata akiidanganya nafsi yake kwa kete ya heroini, kete ile haimpi kile alichokuwa akikitafuta. Ni dawa kali, ndiyo maana anainywa dirishani mbele ya mhudumu, anaimeza ikaonekana imemezwa, ndipo anaruhusiwa kwenda zake. Anakwenda wapi? Kazini. Mmoja wa vijana wale wa safu ya nyuma anafyatua matofali, na fundi wake hajui lolote.

Nani anakufa na nani anaishi, hilo nalo limehesabiwa. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi uliokusanya rekodi za zaidi ya watu 120,000 waliotibiwa kwa methadoni katika nchi mbalimbali. Walipokuwa wakiendelea na dawa, walikufa takriban 11 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Walipokuwa wameiacha, walikufa 36. Wenye kuhubiri chumba na kitasa watuletee hesabu yao.

Hawana. Walichonacho ni msemo kwamba hii ni njama ya Wazungu kuwatia vijana wetu utumwani. Sijapata kusikia hoja dhaifu kuliko hii. Heroini ndiyo iliyokuja kwa njama, kwa majahazi kutoka pwani ya Makran huko Pakistani na Iran, ikipitia bandari bubu zetu, na wanaoisambaza ni ndugu zetu wenye majumba tunayoyajua. Kama ni dini inayotafutwa, basi Iran yenyewe, Jamhuri ya Kiislamu yenye maayatollah na mahakama za sharia, imefungua maelfu ya vituo vya methadoni na kuipeleka hadi magerezani. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, orodha ile ile yenye dawa ambazo sheikh anamnunulia mjukuu wake akiumwa malaria.

Na nchi hii haina haki ya kujifanya ina wasiwasi na vikombe. Februari 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni. Miezi hiyo hiyo Tanzania nzima ilikuwa njiani kuelekea Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, kikombe kilichodaiwa kuponya ukimwi, kisukari na saratani. Waislamu walikwenda, Wakristo walikwenda, mawaziri walikwenda. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi na wagonjwa wakafia foleni. Baadhi ya waliotupa ARV zao baada ya kunywa walizikwa kimyakimya. Sikumbuki khutba hata moja msikitini kwetu dhidi ya kikombe kile. Cha Muhimbili, kilichopimwa na kuthibitishwa, ndicho tunachokitolea povu.

Wakati sisi tunabishana, huduma imekwenda Mwananyamala na Temeke, Kidongo Chekundu kule Unguja tangu 2015, na mikoa mingine kadhaa. Kenya ilianzia Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, ikafuata pwani, Malindi na Mombasa. Lakini bado ni vituo vichache mno. Anayekaa Mkuranga au Chanika anapanda daladala kila siku iendayo kwa Mungu, sikukuu na mvua, na akikosa nauli siku chache mfululizo anarudi kwenye arosto, na kutoka hapo kwenye kete. Wanawake ni wachache kliniki, kwa sababu mwanamke akionekana pale mtaa mzima unamwita malaya. Na gharama za huduma hii tuliziegemeza sana kwa misaada ya Marekani, mpaka waliposimamisha misaada Januari 2025 ndipo wengi wakagutuka. Nchi inayonunua mashangingi kila mwaka wa bajeti inashindwaje kununua dawa ya kunywa ya watoto wake?

Wanaouliza "watakunywa mpaka lini?" nawajibu: mpaka itakapobidi. Wengine miaka miwili, wengine zaidi, wengine maisha. Anayekunywa na kufyatua matofali ana muda wa kutubu, kuoa na kumzika mama yake. Yule wa kwenye pagale hana.

Sheikh, mfuko wa msikiti wetu mwaka huu umenunua feni na zulia jipya, na nilichangia. Zaka ina fungu la mafukara na masikini, na kijana asiye na nauli ya kwenda kunywa dawa yake ni masikini kwa fatwa yoyote. Nimeshaiandikia kamati kuomba nauli ya vijana hao mpaka wapate kazi. Kikao ni Jumapili baada ya Isha, nami nitakuja na majina ya wale walioniruhusu kuyataja.