Robo Tatu ya Nini?

Siku hizi Moshi mbwa anauzwa kwa sehemu. Nusu, robo, robo tatu. Uliza mjini mtoto wa mbwa wa kulinda nyumba, na muuzaji atakutajia kiasi cha damu ya kizungu kabla hajakutajia mama wa huyo mtoto anafanya kazi gani, kama anafanya. "Huyu ni robo tatu jemani shepadi, dada," kijana mmoja aliniambia mwaka jana, akimshika mtoto masikio ili nione yatakavyosimama. Nikamuuliza hiyo robo iliyobaki ni ya nani. Akacheka. "Hiyo ni ya kawaida tu."

Hiyo ya kawaida tu ndiyo inayonigombanisha na watu. Nasoma shahada ya uzamili ya uzalishaji wa mifugo kule Morogoro, na kwetu ni Kibosho, kwa hiyo nina ugomvi wa pande mbili. Chuoni tunaweza kuzungumza muhula mzima juu ya kumpandisha ng'ombe, mbuzi na kuku, lakini mbwa anatajwa pale tu kichaa cha mbwa kinapotajwa. Kijijini anatajwa usiku, anapobweka. Katikati ya kimya hicho wafanyabiashara wametupa neno moja, chotara, nasi tumelipokea bila kuliuliza swali.

Neno hilo tumelitoa zizini. Mlimani ardhi ni finyu, ng'ombe hakai malishoni, anakatiwa majani na kuletewa bandani. Mama zetu walijua kabla ya mimi kwenda chuo kwamba ng'ombe wa gredi, yaani wa kienyeji aliyepandwa na dume la kigeni, hutoa maziwa mengi kuliko mama yake na huvumilia magonjwa kuliko baba yake. Hilo ni kweli. Ila wanaoliimba husahau mambo mawili. La kwanza, nguvu ya uchotara huwa kubwa zaidi katika kizazi cha kwanza. Ukipandisha chotara kwa chotara, nguvu hiyo hupungua na watoto hutawanyika: mmoja amefuata babu, mwingine bibi, wa tatu hajulikani. La pili ni ndoo. Kila asubuhi ndoo ya maziwa inakuambia kama hesabu yako ilikuwa sahihi. Mbwa hana ndoo. Ana masikio yaliyosimama.

Kuna watu wenye ndoo ya mbwa, na wala hawako karibu nasi. Uingereza wako wawindaji wanaofuga mbwa wanayemwita lacha. Lacha si aina moja ya mbwa. Ni mchanganyiko wa mbwa wa mbio, mara nyingi greihaundi, na mbwa wa kazi nyingine, na kwa wengi huyo wa pili ni koli, mbwa wa kuchunga kondoo. Greihaundi analeta mbio. Koli analeta usikivu, pumzi, nyayo ngumu na manyoya ya kuhimili mvua. Halafu ubishi unaanza. Wapo wanaosema nusu kwa nusu ndiye bora kwa mtu mwenye mbwa mmoja anayetaka afanye kila kazi. Wengine wanasema huyo ni mzito, sungura mwitu atamwacha uwanjani, basi nusu huyo apandishwe tena kwa greihaundi apatikane mwenye robo tu ya koli. Wengine wanawajibu: ukifika hapo umeshaipoteza akili uliyomwitia koli.

Sina hisa katika ubishi huo, lakini naupenda, kwa sababu kila sehemu ya damu imefungwa kwenye kazi: mnyama gani, uwanja gani, saa ngapi za usiku. Ukiwaambia una robo tatu watakuuliza robo tatu ya nini, kwa ajili ya nini, na wazazi wote wawili walifanya kazi wapi. Koli aliyezaliwa na wachungaji wa kondoo si koli aliyezaliwa na washindi wa maonyesho ya urembo, hata kama karatasi zao zinafanana.

Wanajua pia ndani ya koli kuna nini. Mnyama mwindaji huanza kwa kukazia macho, kisha hunyemelea, hukimbiza, hukamata, huua. Waliomtengeneza koli, kizazi baada ya kizazi, walizikuza hatua za mwanzo na kuzififisha za mwisho. Ndiyo maana humzunguka kondoo kwa jicho kali bila kumrarua. Greihaundi hakufundishwa kunyemelea wala kusita. Anaona, anatimka, anakamata. Unapowachanganya unachagua hatua zipi zibaki. Haya ni mazungumzo ya watu wazima. Ya kwetu yanaishia kwenye masikio.

Sasa turudi mlimani na tuulize kazi. Shamba la mjomba wangu liko Kibosho juu, karibu na msitu. Mahindi yakianza kukomaa kima wanashuka alfajiri, na usiku nguruwe pori wanafukua magimbi. Msitu huo si wa kuingia ovyo. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 2005 msitu wa hifadhi unaoizunguka ukaingizwa ndani yake. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaja mbwa miongoni mwa njia za kuwinda zilizokatazwa. Na humo msituni yumo minde, swala mdogo mweusi wa misitu ya milimani, asiyepatikana popote duniani nje ya Tanzania na aliye hatarini kutoweka. Mbwa aliyefunzwa kukamata hawezi kutofautisha minde na nguruwe.

Kwa hiyo mbwa anayehitajika pale ni wa kubweka, kukimbiza hadi ukingoni, kusimama, na kurudi akiitwa. Lacha ni kinyume chake karibu kwa kila kipengele. Anasifiwa kwa kutobweka, na hilo halishangazi, maana sehemu kubwa ya historia yake ni ya watu walioingia usiku kwenye mashamba ya mabwana. Hata huko kwao sheria ya mwaka 2004 imewabana: England na Wales, kuwinda wanyamapori wengi kwa mbwa sasa ni kosa, ingawa sungura mdogo na panya wameachiwa ikiwa mwenye ardhi amekubali. Sisi hatuhitaji ukimya huo. Kelele ndiyo kazi yenyewe.

Je, robo tatu wa mjini anaiweza? Nimewaona kadhaa wakipandishwa mlimani kwa fahari, wakiwa wamebebwa kwenye Noah kama bibi harusi. Shepadi alizaliwa kuchunga, sikatai, lakini mistari mingi ya leo imechaguliwa kwa umbo, na ugonjwa wa nyonga unaifuata popote iendapo. Mvua za masika zinamkuta na manyoya mazito yasiyokauka. Kupe wanamkuta na damu isiyowajua. Anakula ugali wa watu wawili. Kisha, na hili ndilo baya kuliko yote, anafungiwa kwenye kibanda cha mbao mchana kutwa na kufunguliwa usiku, kwa sababu tumeambiwa ndivyo mbwa anavyokuwa mkali. Mbwa wa namna hiyo hajui kijiji wala mpaka wa shamba, na hajawahi kumwona mtoto wa jirani akipita na ndoo ya maji. Hajui amri yoyote. Akili ya koli ambayo Waingereza wanaililia, nusu yake ni damu, na nusu nyingine ni mchungaji aliyemfundisha kila siku tangu mdogo. Hiyo ya pili haiuzwi na mtoto wa mbwa.

Na huyo wa kawaida? Wengi tunaamini mbwa koko ni mabaki, takataka za mbwa wa wakoloni zilizochanganyikana mitaani. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2009 uliwapima mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia. Ulikuta kwamba wengi wao, wakiwemo wa majirani zetu Waganda, wana asili yao wenyewe iliyo mbali na mbwa wa kizungu na machotara wao. Basenji wa Kongo aliangukia kundi hilo hilo la Kiafrika. Rijibaki, ambaye vigezo vyake viliandikwa Bulawayo mwaka 1922 na ambaye dunia nzima inamwita mbwa simba wa Afrika, alionekana kuwa kwa sehemu kubwa si Mwafrika.

Yaani tunadharau uzao uliochujwa na kupe, njaa na chui kwa karne nyingi, kisha tunalipia mbegu iliyochujwa na majaji wa masikio. Huko Memorial tunageuza shati la mtumba ndani nje, tunakagua mshono na kwapa kabla ya kutoa elfu tatu. Mtoto wa mbwa tunamnunua kwa neno la mtu.

Sisemi damu ya nje ni haramu. Nikilazimishwa kuchagua, kwa kazi ya ukingo wa msitu ningechukua koli wa wachungaji kabla ya shepadi yeyote, mara moja tu, kwa jike wa kienyeji ambaye nimemwona akifanya kazi misimu miwili. Hapo ningesubiri. Labda watoto wangesikiliza zaidi. Labda wangezunguka kuku wa jirani na bodaboda kutwa nzima, maana koli asiye na kazi hujitafutia.

Lakini jike huyo tunampata wapi? Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Watoto wakizaliwa, madume wanachukuliwa na majike wanatupwa, kwa sababu jike ataleta kelele za madume na watoto wasiohitajika. Halafu dume bora la kijiji linapanda lolote linalopita. Hakuna mfugaji wa ng'ombe Uchaggani angemtupa ndama jike wa ng'ombe wake bora na kulipia dume asilolijua. Kwa mbwa tunafanya hivyo kila mwaka, kisha tunasema mbwa wetu hawana maana. Wenzangu wa uhifadhi nao, wanaomwona kila mbwa wa ukingoni kama bunduki ya jangili, wangepata mengi zaidi kwa kumsaidia mkulima kuchagua mbwa anayerudi akiitwa, na kwa kumchanja. Kichaa cha mbwa hukoma kuenea mbwa saba kati ya kumi wakichanjwa, na virusi havisomi asili ya damu.

Popi, jike la mjomba, ana rangi ya udongo na sikio moja limechanika. Anabweka kabla kima hajagusa ardhi, anafika kwenye mtaro wa mpakani, anasimama hapo akitukana, anarudi. Hakuna aliyemfundisha, alimfuata mama yake. Mwezi uliopita alizaa watano. Madume watatu walishaombwa kabla hawajafungua macho, mmoja na mtu wa mjini anayetaka kumpandishia shepadi wake. Majike wawili bado wapo. Mjomba ameniahidi hatawatupa hadi nirudi likizo, na nimemtumia hela ya dagaa.