Saini ya Nani kwa Mtoto Asiye na Mzazi?

Mtoto wa miaka saba aliyevuka mpaka peke yake, akafikishwa katika kituo cha afya cha kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu au ya Nduta wilayani Kibondo, hupimwa malaria kama mtoto mwingine yeyote. Shida huanza anapohitaji upasuaji. Fomu ya ridhaa ina nafasi ya mzazi au mlezi, na jirani aliyembeba mgongoni si mzazi wala mlezi wa kisheria.

Sheria haikumsahau mtoto huyu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unamtaja mtoto mkimbizi katika ibara ya 22: atafutiwe wazazi wake, na wasipopatikana alindwe kama mtoto yeyote aliyekosa familia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza waziwazi kumbagua mtoto kwa sababu ya ukimbizi, na inazipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa watoto walio katika maeneo yao. Nyarugusu imo Kasulu na Nduta imo Kibondo. Kambi haiko nje ya wilaya.

Hata hivyo, haki isiyo na mtu wa kuidai hubaki karatasini. Familia zinazojitolea kuwalea watoto hawa zinastahili heshima, lakini moyo mwema si hati. Mlezi asiyeandikwa popote hana nguvu ya kuridhia upasuaji, wala ya kumwombea mtoto kibali cha kutoka kambini kinachotakiwa na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998. Hana nguvu pia ya kuhoji jina la mtoto linapoingizwa katika orodha ya kurejea Burundi, ilhali haijulikani nani atampokea huko.

Itasemwa kwamba dharura haisubiri saini. Ni kweli, uhai huokolewa kwanza. Lakini ngiri, mtoto wa jicho na kovu la moto lililokaza kiungo si dharura. Huahirishwa leo, huahirishwa kesho, hata mtoto akakua na kilema kilichoweza kuzuilika.

Dawa yake ipo. Kila mtoto aliye peke yake apewe mlezi anayetambuliwa na afisa ustawi wa jamii tangu siku ya kuandikishwa, na nakala ya hati ikae katika jalada lake la matibabu. Muuguzi naye, ambaye mara nyingine ndiye wa kwanza kumsikiliza, aandike papo hapo jina la mama, kilima au kijiji alikotoka, na majina ya ndugu. Mtoto mdogo husahau upesi. Kinachoandikwa siku hiyo huenda kikawa njia pekee ya kumrudisha kwao.