Sheria Isiyo na Msimamizi

Ukipita leo katika stendi ya mabasi, au katika foleni ya zahanati, hutakosa kumwona mtu ameinamia simu yake, akihamisha karata huku na huku peke yake. Wapo wanaouona mchezo huu kuwa uvivu mtupu, na wapo wanaouhesabu pamoja na kamari. Sisi hatukubaliani moja kwa moja na upande wowote kati ya hizo mbili. Lakini tunalo letu la kusema kuhusu namna watu wengi wanavyojifunza mchezo wenyewe.

Kwanza tuliondoe hili la kamari. Kamari ni kuweka fedha na kungoja bahati, mmoja ale na mwingine aliwe. Katika karata za mtu mmoja hakuna dau wala wa kuliwa. Wazazi wanaopiga vita kamari wana haki kamili, nasi tuko pamoja nao. Ila wasiitupe jalalani kila pakiti ya karata kwa sababu ya dhambi za wacheza kamari.

La uvivu lina ukweli wake, lakini ni katika saa za kazi. Mwaka 2006 Meya wa Jiji la New York, Michael Bloomberg, alimfukuza kazi mtumishi mmoja wa jiji baada ya kuuona mchezo wa karata katika kompyuta yake ya ofisini. Wako walioiona adhabu hiyo kuwa kali mno. Hata hivyo, mwananchi aliyepanga foleni dirishani hana faida yoyote na karata za karani. Kosa hapo ni la mtu na saa yake, na linaweza kutendwa hata kwa kusoma gazeti hili.

Sasa tuje kwenye hoja yetu. Tuchukue mfano wa mchezo mmoja unaojulikana kwa jina la FreeCell. Mchezo huu ulitungwa mwaka 1978 na Paul Alfille, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, akautia katika mtambo wa kompyuta wa kufundishia ulioitwa PLATO. Alichukua mchezo uliokuwapo kabla, ambamo karata zilifuatana kwa aina moja, akabadili sheria moja tu: karata zifuatane kwa kupishana rangi. Kwa badiliko hilo dogo, mchezo uliokuwa ukikwama mara nyingi ukafunguka.

Sheria zake hazijazi ukurasa. Karata zote 52 hupangwa zikiwa zimefunuliwa, katika safu nane: safu nne za karata saba saba, na safu nne za karata sita sita. Juu yake huachwa nafasi nne tupu za akiba, kila moja ya kuweka karata moja tu. Kando yake kuna makao manne, moja kwa kila aina, yaani kopa, uru, shupaza na pau; na kila makao hujengwa kuanzia rei, ikifuata mbili, tatu, hadi mfalme. Mchezaji huhamisha karata ya mwisho ya safu na kuiweka juu ya iliyoizidi kwa moja na yenye rangi tofauti: sita ya kopa hukaa juu ya saba ya shupaza, wala haikai juu ya saba ya uru. Safu ikiisha yote, karata yoyote inaweza kuwekwa pale.

Sheria inayowasumbua wanaoanza ni hii: karata huhamishwa moja moja. Mtu akitaka kuhamisha karata tatu zilizofuatana, hana budi kuwa na nafasi mbili tupu za kuzipumzisha mbili za juu. Nafasi zote nne zikijaa, na hakuna safu iliyo tupu, anaweza kusogeza karata moja tu. Ndiyo maana mwenye pupa, anayejaza nafasi za akiba katika hatua za mwanzo, hujikuta amefungwa mikono huku karata zote ziko wazi mbele yake. Hawezi kuilaumu karata iliyofichika, kwa kuwa hakuna iliyofichika.

Sisi wenyewe tulijifunza hivyo. Jioni moja umeme ulipokatika katika chumba chetu cha habari, mmoja wetu alitandaza karata mezani kwa mwanga wa taa ya chemli, akaanza kucheza. Baada ya robo saa alikwama. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akainua karata mbili kwa pamoja na kuzipitisha kama vile sheria haikumwona. Mchezo ukaisha vizuri, na wenzake wakampongeza. Lakini yeye hakufurahi, na baadaye alikiri kwamba hakujua kama mgao ule ungeweza kumalizika kwa haki au la. Alikuwa amepata ushindi, akakosa jibu.

Katika bao, mpinzani yuko mbele yako na watazamaji wamekuzunguka. Ukikosea kete, watu kumi watapiga kelele. Katika kandanda kuna mwamuzi na filimbi yake. Katika karata za mtu mmoja, mchezaji ndiye mwamuzi, na ndiye mpinzani, na ndiye mtazamaji. Simu, kwa upande wake, humkatalia kila hatua isiyo halali, na simu nyingi zina kitufe cha kurudi nyuma na kingine cha kumwonyesha njia. Kijana aliyejifunza kwa simu peke yake hujua tu kwamba kuna mahali karata haikubali kwenda. Hajui kwa nini, wala hajawahi kuchagua kutoipeleka. Huyo hatuwezi kusema ameijua sheria, amezoea ukuta.

Tunacho kisa kimoja cha kuonyesha thamani ya jambo hili. Kampuni ya Microsoft ilipouingiza mchezo huu katika Windows, iliweka migao 32,000, kila mmoja na namba yake, na ikaandika kwamba yaaminika yote inaweza kumalizika, ingawa haijathibitishwa. Katika miaka ya 1994 na 1995, Dave Ring aliwakusanya watu wa kujitolea kwa njia ya intaneti, akawagawia migao hiyo. Wakaimaliza yote isipokuwa mmoja tu, namba 11982. Baadaye programu za kompyuta zilizopekua njia zote zikathibitisha kwamba mgao huo hauna ufumbuzi. Yeyote aliyeshindwa na mgao ule angaliweza, kwa kuona haya, kuandika kwamba ameumaliza. Kwa kuwa walikubali kusema "tumeshindwa", ukweli ukajulikana.

Tunalitaja hili kwa sababu mambo mengi ya mkoa wetu yanategemea watu walio peke yao na sheria. Mwenye kupima sukari dukani, mwenye kuandika kitabu cha chama cha ushirika, muuguzi wa zamu ya usiku anayejaza kipimo cha dawa: hawa hawana mwamuzi pembeni. Mkaguzi hufika mara moja kwa mwaka, naye hukuta hesabu zilizokwisha kuandikwa. Hatusemi kwamba pakiti ya karata itamfanya mtu mwaminifu. Tunasema kwamba tabia ya kuikubali sheria hata inapokukosesha ushindi hupatikana kwa mazoezi, na mazoezi ya bei nafuu namna hii si ya kudharauliwa.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa wazazi na walimu ni huu. Kabla ya kumpa mtoto simu, mpeni karata za mkono. Kaeni naye mara moja, mweleze sheria zote tangu ya kwanza hadi ya mwisho, na hasa ile ya karata moja moja. Kisha ondokeni, mwacheni mezani peke yake. Akirudi kuwaambia kwamba amekwama, msimcheke. Mwambieni achange karata upya.